Ukuta Usio na Matundu

Sifa mwanangu,

Umetoka kwenda Murara kumuaga rafiki yako Alina, na mama yako amejifungia chumbani apange masanduku yako bila mtu kumsumbua. Nimebaki barazani peke yangu na kalamu. Ni saa tisa za mchana, jua la Goma hapa Mabanga linanipiga miguuni, na jirani anasikiliza redio kana kwamba mtaa mzima ni kiziwi. Kesho asubuhi boti yako inaondoka kwenda Bukavu. Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutotembea peke yako na ya nani wa kumpigia simu ukifika, mama yako ameyasema mara tatu, na usiku kabla ya kulala atayasema mara ya nne. Mimi huko sina la kuongeza.

Nina wivu, Sifa. Naanza na hilo kwa sababu nikilificha litanuka katika barua nzima, na wewe utabaki kujiuliza harufu inatoka wapi. Namwonea wivu mjomba wako Deo, kaka ya mama yako. Kuanzia keshokutwa yeye ndiye atakayekunywa chai na wewe asubuhi. Yeye ndiye atakayekuuliza masomo yalikuwaje, na utamjibu. Mimi miaka yote nilikuuliza vilevile ukirudi shuleni, ukasema "bien" tu, neno moja, ukapita. Lakini Deo akipiga simu kutoka Bukavu, unakaa nusu saa mezani, simu begani, unamchorea milima kwenye karatasi ambayo hata haioni. Karatasi zile nimekuwa nikiziokota ukienda kulala. Ziko katika sanduku langu la vyombo vya kazi, chini ya timazi.

Na sasa unakwenda chuo kusoma ardhi yenyewe: mawe, udongo, sababu za mlima kukaa leo na kuanguka kesho. Watu hapa mtaani wananishika mkono. Wanasema mtoto amefuata baba yake, fundi wa mawe. Nawashukuru na kunyamaza, maana najua ulimfuata nani.

Ulikuwa na miaka minane, shule zimefungwa, umetoka vakansi kubwa kwa Deo. Unakumbuka nyumba ile ilivyo, nyumba ya Koko Faida, mama ya mama yako: iko kwenye mteremko, jirani wa juu akimwaga maji machafu yanapita mlangoni kwako. Deo, mwalimu wa jiografia hata siku ambazo hakuna darasa, alikuonyesha ufa katika majani juu ya nyumba, mwembamba wa kuingiza kidole. Akapigilia kijiti upande huu na kijiti upande ule. Kila Jumamosi mlipanda wawili na kamba kupima kama vijiti vimeachana. Ulirudi Goma na daftari limejaa tarakimu, na siku ya kwanza mezani, visamaki vya sambaza bado viko moto, ukanigeukia.

"Papa, udongo kule inatembea."

Nilikuwa na wenzangu wawili wa kazi. Nikataka kuwachekesha.

"Inatembea na miguu gani?"

"Ni kweli, Papa. Inashuka kidogo kidogo. Hata miti inajua. Udongo inaivuta ku miguu, inapinda, kisha inajinyoosha tena ikienda juu."

"Nani alikudanganya ivi?"

"Tonton Deo."

"Tonton Deo anafundisha bitabu. Mimi njo niko najenga."

Wakacheka wote. Wewe ukaangalia sahani. Nimeishi nikisema Deo aliniibia mtoto. Nilimwambia mama yako hivyo mara nyingi, hata wiki iliyopita. Lakini nikikaa hapa na kuhesabu kwa haki, hakuna aliyeniibia kitu. Ulinikuta kwanza mimi, ukaniletea habari yako ikiwa bado moto, nami nikaifanyia mzaha mbele ya watu. Baada ya hapo ukawa unampelekea aliyeipokea. Kama kuna jambo moja ninalotaka ulichukue kutoka kwangu, si namna ya kuwa mzazi, bado uko mbali na huko. Ni kwamba mimi nilichelewa miaka kumi na mbili kukuomba radhi kwa sambaza zile, na leo nakuomba.

Ngoja nikueleze nilivyokuwa mjinga, maana ujinga wangu ulikuwa wa mtu wa Goma hasa. Mimi nilizaliwa juu ya mawe. Hapa kwetu ukichimba futi moja unakutana na mawe ya volkano, na ukichimba zaidi unakutana na mengine. Mvua ikinyesha, maji yanazama katikati ya mawe hayo kabla hujamaliza kufunga dirisha. Nilijifunza kazi kwa muzee mmoja wa Katindo ambaye alikuwa akinirushia kokoto kila nikikosea mstari. Alinifundisha kuchagua jiwe, kulipiga upande unaotakiwa, kulilaza juu ya wenzake, na kuchora mistari ya saruji kati ya mawe mpaka ukuta upendeze kama kitenge kipya. Kuta zangu zipo mji mzima na unazijua, kila tukipita nilikuwa nakuonyesha mpaka ukachoka. Lakini kwetu ukuta unashindana na mwizi na upepo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona maji yakikaa nyuma ya ukuta. Yangekaaje? Hayana pa kukaa.

Mwaka uliofuata ule wa vijiti, Deo alinipigia simu. Ule ufa ulikuwa umepanuka kiasi cha kuingiza mkono. Alitaka kuta mbili za kuzuia udongo, mmoja nyuma ya jiko la Koko, mwingine nyuma ya chumba cha uani. Aliniomba mimi, na hakumwomba fundi wa kule. Mama yako alifurahi mpaka akaimba. Mimi pia nilifurahi, lakini furaha yangu haikuwa safi. Nilifikiri: sasa mwalimu atakuja kwa fundi. Sasa mtoto wangu ataona ni nani anayesimamisha mlima, na ni nani anayeupima kwa kamba tu.

Tulikwenda wote, ilikuwa vakansi. Asubuhi ya kwanza, nilipomaliza kupanga safu ya chini, safu nzuri ambayo hata mimi nilisimama nikiitazama, nilikuita uje uione. Ulikuwa umekaa kwenye ngazi na daftari lako.

"Nangojea Tonton, Papa. Tunaenda kupima."

Hukunikosea, ulikuwa na miaka tisa. Lakini nakuambia kwa sababu siku ile nzima nilipanga mawe nikiwa na hasira ya maneno yale matano, na jioni Deo alikuja kuona kazi nikiwa bado nimeyashika. Ninyi mlikuwa mmeteremka na Koko kanisani. Tulikuwa yeye, mimi, na wenzangu wawili niliokuja nao.

"Shemeji, barbakane utaziacha wapi?"

Neno lile sikuwa nalijua. Nikautazama mwiko wangu kana kwamba ndio utakaojibu. Deo akaona. Hakucheka kama mimi nilivyokucheka wewe. Akaongea polepole, kwa sauti ile anayotumia kwa wanafunzi, na upole ule ndio ulionichoma zaidi.

"Matundu ya mayi, shemeji. Udongo ya huku inanywa mayi na haiachilie. Mayi ikikosa njia nyuma ya ukuta, itaisukuma."

"Deo, niko najenga miaka kumi na tano. Umeishaona ukuta yangu yenye kuanguka?"

"Hapana. Lakini kwenu udongo haiko."

"Basi kama unajua, kamata mwiko ujenge."

Wenzangu wakaangalia chini. Deo akasema "Sawa, shemeji, wewe njo fundi", akaenda kutengeneza chai yetu. Nami nikajenga kuta zote mbili bila tundu hata moja. Nilijiambia kwamba matundu yataharibu sura ya kazi, ukuta utaonekana kama mtu mwenye ndui. Lakini nilikuwa nimeelewa alichosema, Sifa. Sikuwa mjinga kiasi hicho. Maji ni mazito, yeyote aliyewahi kubeba bidoni ya maji kichwani anajua. Nilielewa, na nikakataa, kwa sababu kilitoka kinywani mwake, na kwa sababu wewe asubuhi ulikuwa umemngojea yeye. Mambo haya hayajawahi kutoka mdomoni mwangu, hata kwa mama yako.

Mvua zilipoanza, wewe uko hapa shuleni, Deo alipiga simu.

"Shemeji, ukuta ya jiko iko inatoa tumbo."

"Ni mawe inajipanga."

Baada ya siku chache akapiga tena.

"Kuko mayi inatokea chini yake. Ya matope."

"Deo, niko ku shantye, niko najenga."

Nikamkatia. Ningeweza kusema neno moja tu, toboa. Angetoboa siku ileile na labda ukuta ungepona. Lakini kusema toboa kulikuwa kumwambia alisema kweli.

Ukuta wa jiko ulianguka mchana, Koko akiwa jikoni anachagua maharage. Tulipofika kesho yake mimi na mama yako, wewe tulikuacha kwa jirani, nilikuta jambo ambalo hadi leo likinijia naweka mwiko chini. Migomba mitatu iliyokuwa juu ya nyumba, ileile unayoikumbuka, ilikuwa imesimama katika kiwanja cha jirani wa chini. Imesimama wima, majani hayajachanika, mkungu bado unaning'inia. Udongo ulikuwa umeondoka nayo mzimamzima na kuiweka pale. Jiko halikuwepo. Mawe yangu yalikuwa yametawanyika hadi barabarani, na juu ya baadhi bado ungeiona mistari yangu ya saruji.

Chuoni watakueleza hili kwa hesabu. Mimi nitakueleza kama nilivyoliona. Kila kilicho juu ya mteremko kinavutwa chini mchana na usiku, hata pale ambapo huoni kitu kikisogea. Kinachokizuia ni kule kushikana tu, chembe ya udongo na mwenziwe, udongo na mwamba ulio chini yake. Udongo wa mfinyanzi ukishiba maji unaongezeka uzito, na papo hapo unaacha kushikana, chini panakuwa sabuni. Hivyo anayevuta anapata nguvu na anayezuia anazipoteza. Mimi nikaweka kizibo. Maji yote ya mlima ule yakaja kukusanyika nyuma ya kazi yangu nzuri, hayana pa kutokea, mpaka yakatokea yote mara moja.

Koko alivunjika mguu mahali pawili. Ndiyo sababu anatembea vile. Ulikuwa ukimwiga akitembea na fimbo, ukiwa mdogo, sisi wote tukicheka, na mimi nikitoka nje.

Uani walikuwa wamejaa majirani, watu wa jumuiya, wajomba wa mama yako. Mmoja akauliza kwa sauti: nani alijenga ukuta huu? Nikafungua mdomo, sijui ningesema nini. Deo akanitangulia.

"Ni mvua. Mvua ya ivi, ukuta gani ingeiweza?"

Wakatikisa vichwa. Wakaanza kuzungumza kuhusu mvua. Deo hakunitazama, akachukua koleo akaendelea kuzoa. Nami, baba yako, nikasema, "Ni kweli, ilikuwa mvua." Hospitalini Koko akanishika mkono akaniambia, "Usijiumize roho, mukwe wangu, ni mvua", na nikamwitikia tena. Na hivyo ndivyo hadithi ilivyokufikia wewe, na ndivyo inavyosimuliwa katika familia hadi leo.

Ungedhani nilimpenda Deo kwa hilo. Nilimchukia. Angenipigia kelele mbele ya watu wale, ningemjibu, tungeshikana mashati, ingekwisha. Alinifunika, na tangu siku hiyo kila tendo jema lake lilinijia kama anarudi kunionyesha lile koleo. Alipokuletea atlasi, nilinuna. Alipokutafutia nafasi hii ya kusoma, nilisema tutaona. Umeniuliza mara nyingi mbona Papa haji Bukavu. Harusi nilikuwa na kazi, kipaimara nilikuwa na maumivu ya mgongo, Krismasi boti zilikuwa na mawimbi. Siumwi mgongo, Sifa. Niliogopa kusimama uani pale.

Ningeendelea hivyo mpaka kufa, nakuambia ukweli. Ila Jumapili, tulipotoka misa, ulituambia Deo amekutengenezea chumba cha uani, amepaka rangi, ameweka meza dirishani. Chumba cha uani. Nyuma yake kuna ukuta wangu wa pili. Umesimama mpaka leo, na watu wanausifu. Una mawe yaleyale, mkono uleule, wiki ileile, na tundu hata moja sikuacha.

Nilijaribu uongo kwanza. Nikakuambia chumba kile kina baridi, kina unyevu, uombe cha mbele. Ukacheka, ukanipiga begani.

"Papa, uko na wivu tu."

Ulisema kweli, na ndiyo sababu hukunisikia. Nimelia baridi na unyevu muda mrefu mno juu ya kila kitu cha Deo, hata siku nina jambo la kweli huwezi kulitenga na mengine. Kwa hiyo sina njia nyingine isipokuwa hii. Usilale chumba kile. Ukuta ulioanguka ulianguka kwa kosa langu, na uliobaki una kosa hilohilo ndani yake. Kama ukitaka kuhakikisha, simama uani ukautazame kuanzia chini mpaka juu, utatafuta mahali maji yanapotokea na hutapaona. Tazama kama una tumbo. Tazama kama mlango wa chumba umeanza kukwama bila kuvimba. Halafu chukua godoro lako uende mbele, na mwambie mjomba wako ni mimi niliyekuambia.

Najua nitakachopoteza. Kesho, boti ikishapita kisiwa cha katikati ya ziwa, utakuwa unasoma maneno haya, na mtu aliyekuwa akikuonyesha kuta zake mji mzima utamwona mwingine. Utashuka bandarini Deo anakungoja, na utamkumbatia kwa nguvu zaidi kuliko ulivyopanga. Nimeliona hilo kumbatio tangu Jumapili. Bado naandika.

Kisha nikaona kwamba barua ni polepole. Kama mvua ikinyesha usiku wako wa kwanza na hujaifungua? Wewe ni mtu wa kuweka barua chini ya mto ili uisome vizuri. Nimechukua simu, nimetoka mpaka kwenye kona ya muuza makaa, nimempigia mjomba wako. Ni mara ya kwanza mimi kumpigia, daima ni yeye. Nakuandikia tulivyosema, neno kwa neno, kwa sababu nimeambiwa jambo.

"Deo, ni mimi."

"Shemeji! Mutoto ameisha kufunga bintu?"

"Chumba ya nyuma. Asilale mule."

"Sababu ya ukuta?"

"Sababu ya ukuta. Haina matundu. Uliniambia, nikakatala. Ile ya jiko pia, ulinipigia mara mbili. Haikuwa mvua, Deo."

Nilisikia anavuta kiti, anakaa.

"Shemeji, ile ukuta iko na matundu. Iko nayo kumi na tatu."

"Nani aliyatoboa?"

"Ni mimi. Kiangazi yenye ilifuata, na nyundo na tindo. Nilichimba na nyuma yake, nikajaza kokoto. Mvua ikinyesha, mayi inatoka pale kama ku robine yenye imefunguliwa. Vijiti ningali naipima, haijasogea."

"Na sababu gani haukuniambia?"

"Ungekuja?"

Muuza makaa alikuwa ananitazama.

"Na sikutoboa peke yangu," Deo akasema. "Sifa alikuwa ku vakansi. Yeye njo alishika kamba, akaweka alama na shaki pa kila tundu. Aliniuliza kama Papa alisahau kuyaacha. Nikamuambia hapana, kwabo Goma mayi haibaki nyuma ya ukuta, hakuzoea. Akafikiri, akasema: basi tusimuambie, ataona haya."

Ulikuwa na miaka kumi.

Nimerudi barazani na sikuchana kurasa za juu, ingawa mkono ulitaka. Uzisome jinsi zilivyo. Nimetumia mchana mzima kukufunulia siri ambayo wewe uliishika kabla hujaota meno yote. Kila nilipokuonyesha ukuta wangu wa barabarani ukasema "muzuri, Papa", ulikuwa unajua. Ulimwona Koko na fimbo yake na ulikuwa unajua. Ulinipiga begani Jumapili na kunicheka, maana ulijua chumba ni salama, ukuta wake uliuwekea alama kwa chaki mwenyewe.

Unataka kujua nilisikia nini nikiwa pale kwenye kona? Ungependa niseme aibu, au shukrani. Zilikuja, lakini hazikuwa za kwanza. Kwanza ulikuja wivu, mkubwa kuliko wote niliokuandikia hapo juu. Miaka kumi wewe na Deo mna jambo lenu, mnalilinda pamoja, na jambo lenyewe ni mimi. Mlipanda mteremko na nyundo, mkatoboa kazi yangu tundu kwa tundu, mkateremka, mkala, hamkusema. Ningetoa kuta zangu zote za mji huu kuwa mimi niliyekuwa na tindo siku ile na wewe umenishikia kamba. Na ningeweza kuwa mimi. Ndilo linaloniuma. Alinipigia mara mbili.

Sasa nenda ukalale chumba cha uani. Nafuta niliyosema, kile cha mbele kina kelele za barabara. Utalala salama nyuma ya ukuta wangu kwa sababu ya matundu ya mtu mwingine, na yako. Sijui kama nitazoea wazo hilo. Nitajaribu kwa macho: Deo ameniambia kokoto za nyuma zimeanza kuziba kwa udongo, zinataka kutolewa na kuwekwa upya, "na ile ni kazi ya fundi, shemeji, si ya mwalimu". Nimesema ndiyo kabla sijapata muda wa kukasirika. Nikimaliza shantye ya Himbi nitapanda boti. Koko nitamwambia mwenyewe, usinitangulie, tafadhali. Hilo la mguu ni langu.

Nasikia lango, nadhani ni wewe umerudi. Lazima nifunge.

Mpende mjomba wako. Nimeandika hivyo na kalamu haikuvunjika. Msikilize, pima naye vijiti vyake, mchoree milima akiwa mbele yako sasa, aione. Ana watoto wanne pale nyumbani, na kutwa nzima watakuwa wanamwita Papa, Papa njoo, Papa angalia. Utaishi kati yao miaka mitano, na siku moja ukiwa umechoka, au umefurahi sana, mdomo wako utataka kumwita kama wanavyomwita. Mwite Tonton. Mwite Mwalimu, mwite unavyopenda. Hilo moja niachie.

Papa yako